Kamati ya Kambi Nayo ni Shirika

Maneno tuliyowaambia viongozi na familia za wakimbizi wa ndani kutoka Kitshanga na kandokando yake

Tunajua kwamba kila mara mnapoitwa kwenye mkutano mnatazama kwanza kama kuna gari nyuma yetu. Leo hakuna gari. Jambo lililotuleta si la unga wala la mahema, na tunalisema mapema ili asiyekuwa na nafasi aende zake bila kinyongo.

Tumekuja kuwaomba tuandike pamoja mapendekezo ya vikao kwa ajili ya kongamano la wataalamu.

Kuna chama cha wanasosholojia wa dunia nzima, International Sociological Association, kilichoanzishwa mwaka 1949. Sosholojia ni elimu ya namna watu wanavyoishi pamoja. Kwa kawaida chama hicho hufanya kongamano kubwa kila miaka minne. Mwaka 2006 lilifika Afrika kwa mara ya kwanza, mjini Durban. Mwaka 2025 mkutano wake mwingine ulifanyika Rabat, Moroko, na kongamano linalofuata limepangwa Gwangju, Korea ya Kusini, mwaka 2027. Ndani ya chama kuna kamati za utafiti zaidi ya hamsini, na ile ya 17 inashughulika na mashirika: ofisi, viwanda, hospitali, majeshi, vyama. Inauliza ni nani anayeamuru humo, ni nani anayetii, na kwa nini kanuni iliyoandikwa ukutani ni moja na kazi inayofanyika mezani ni nyingine.

Sasa sikilizeni namna kongamano la namna hiyo linavyotayarishwa, maana ndipo penye neno letu. Kabla mtu yeyote hajapeleka utafiti wake, kwanza watu hupendekeza vikao. Kikao ni swali. Anayekipendekeza anaandika kichwa chake na maelezo mafupi, na wasimamizi wa kamati wanachagua. Kikishakubaliwa, wataalamu wa nchi mbalimbali wanaleta muhtasari wa kazi zao ili kujibu swali hilo. Kwa hiyo mwenye kupendekeza kikao ndiye mwenye kuuliza, na wanaomfuata ni wenye kujibu.

Sisi wa Kivu tumezoea kujibu. Wangapi kati yenu walijibu maswali chini ya hema kule Mungote au Kahe? Mgeni alikuja na karatasi, akauliza umri, idadi ya watoto, mlikula mara ngapi jana, ni nani aliyewafukuza. Akaahidi kurudi na majibu. Mama mmoja alituambia amehesabu wageni sita wa namna hiyo, na wa saba alipofika alimuuliza yeye kwanza: “Wale wenzako sita hawakukuachia karatasi zao?” Tulicheka, lakini mwenzetu mmoja aliyekuwapo hakucheka, kwa sababu yeye ndiye aliyemleta yule wa tano.

Hata watafiti Wakongo wenyewe wamelalamika. Watafiti wa Bukavu na wenzao wa Ubelgiji walikusanya malalamiko hayo katika kitabu kilichotoka mwaka 2020, kinachojulikana kama Bukavu Series. Wanaeleza jinsi mtoto wa hapa anavyopanda milima, anavyoongea na wenye silaha, anavyotafsiri, kisha kitabu kinatoka Ulaya na jina lake halimo. Ikiwa yeye mwenye digrii anasahaulika, mwenye jetoni itakuwaje?

Ndiyo maana tumefikiri tuanze na swali. Tumetayarisha matatu, lakini hayana uzito sawa.

La kwanza ni hili: nani anashika orodha?

Mtaalamu mmoja wa Ufaransa, Michel Crozier, aliandika mwaka 1963 juu ya viwanda vya tumbaku vya serikali ya nchi yake. Aliona jambo la ajabu. Mkurugenzi alikuwapo, kanuni zilikuwapo, kila mtu alijua cheo chake. Lakini waliokuwa na nguvu ya kweli kwenye karakana walikuwa mafundi wa matengenezo. Kwa nini? Kila kitu kiwandani kilikuwa kimepangwa isipokuwa kimoja: mashine kuharibika. Na mafundi peke yao ndio waliojua kuitengeneza, wala hawakupenda ujuzi huo uandikwe. Crozier akasema kwamba nguvu inakaa kwa yule anayeshika kitu ambacho wengine hawawezi kukijua mapema.

Kambini kitu hicho ni orodha. Serikali ina CNR yake, HCR ipo, PAM ipo, na shirika linalosimamia kambi lipo. Wote wana kanuni. Lakini ni nani anayejua kwamba bibi fulani analea wajukuu watano ambao mama yao alibaki njiani? Ni nani anayejua kwamba familia ya hema la pembeni haikuonekana siku ya kuhesabiwa kwa sababu ilikwenda kuchimba viazi shambani kwake na kurudi usiku? Ni nani anayejua kwamba hema lile lenye kufuli halina mtu tangu zamani? Ni katibu wa kamati, na kaye lake la shule. Mashirika yameleta mashine za kusoma vidole, na kwa kweli zimepunguza udanganyifu kidogo. Lakini mashine inasoma kidole kilicholetwa mbele yake. Ni nani alete kidole, hilo bado linaamuliwa na watu.

Hapa tunasema ukweli, na wengine mtatuchukia. Kaye lile limeokoa familia nyingi, na kaye lilelile limeuzwa. Kuna majina yaliyoingia kwa undugu, kwa kabila, kwa franka, au kwa jambo baya zaidi ambalo wasichana wetu wanalijua na hatutalitaja mbele ya watoto. Tukipeleka kikao hiki, hatuwezi kupeleka nusu yake nzuri tu. Wataalamu wataandika “rushwa” na kufunga kitabu, au wataandika “mshikamano” na kufunga kitabu. Swali letu ni jinsi mkono mmoja, katika wiki moja, unavyofanya yote mawili, na ni kanuni gani za ofisini zinazousukuma kwenye lile baya.

Swali la pili ni hili: shirika linaishi namna gani likikosa mahali?

Katika vitabu vingi vya mambo haya shirika lina jengo, kabati na muhuri. Ninyi mnajua mengine. Wengine mlifika Kitshanga mkitoka Pinga na Kalembe, upande wa Walikale, na mkawa mmeshahama zaidi ya mara moja. Mwaka 2013 vita viliingia katikati ya mji, nyumba zikaungua. Januari 2023 M23 ilipouteka, kambi zilimwagika: wengine Mweso, wengine kwenye uzio wa MONUSCO, wengine wakapitia Sake mpaka Bulengo na Lushagala kule Goma. Januari 2025 Goma nayo ikaanguka, na mwezi wa pili kambi zile zikavunjwa.

Lakini tumeona vikundi vya akina mama ambavyo likelemba yao haikuvunjika. Sanduku lilibaki nyuma, na deni likatembea. Aliyekuwa zamu yake kupokea alipokea baadaye, sehemu nyingine, pungufu, lakini alipokea. Kamati za wanaume zilizokuwa na muhuri hazikudumu hivyo, tusamehewe na wanaume waliopo. Tungependa wataalamu wa Brazili, wa Lebanon, wa Bangladesh, watueleze kama na kwao ni hivyo, na ni kwa nini. Sisi tuna dhana yetu: akina mama hawakutegemea kutambuliwa na ofisi yoyote ili wakusanyike.

La tatu tunalitaja haraka, kwa kuwa linatuhusu sisi wenyewe. Séverine Autesserre alitoa mwaka 2014 kitabu kiitwacho Peaceland, ambamo wanaochunguzwa ni sisi wa mashirika ya amani: tunavyokaa nyuma ya kuta, tunavyothamini utaalamu wa mgeni kuliko ujuzi wa mwenyeji. Alifanya sehemu kubwa ya uchunguzi wake hapa Kongo. Tunapendekeza kikao ambamo kamati za wakimbizi zitaeleza mashirika yanavyoonekana kutoka kwenye foleni. Tutakaa tusikilize. Haitatufurahisha.

Sasa magumu. Lugha za chama hicho ni Kiingereza, Kifaransa na Kihispania. Kiswahili hakimo, kwa hiyo tutaandika kwa Kiswahili kwanza, tukubaliane, ndipo tutafsiri Kifaransa na kuwasomea tena. Ada zinapungua kwa nchi maskini, lakini zipo, na safari ni mbali. Huenda asiende hata mmoja wetu, na kikao kikasomwa na mwalimu wa chuo kikuu aliye mshirika wetu. Hilo tulikubali kwa sharti moja: jina la kikundi chenu liandikwe juu, si chini kwenye shukrani.

Na hapo ndipo tunapokwama. Jina likiandikwa linasomwa, na si wataalamu peke yao wanaosoma. Mzee mmoja alituuliza: “Mkisema katibu wa kambi fulani alishika orodha, yule aliyetafuta watu wa orodha hiyo hatajua mlango wa kugonga?” Hatukuwa na jibu. Mnataka kutambuliwa, na mnataka kuwa hai, na siku hizi mambo hayo mawili hayapatani kila mara. Tumefikiri kutumia jina la kikundi bila jina la mtu, wala la kijiji, wala la kambi. Lakini maisha ni yenu, na neno la mwisho si letu.

Tunaomba kila kikundi kizungumze chenyewe, akina mama peke yao na wanaume peke yao, kabla hatujaonana tena. Mtuambie ni swali gani liende, ni lipi libaki, na liende kwa jina gani. Makatibu, msilete kaye zenu. Njoni na maneno tu.