Anayetaka Kuacha Pombe Aende Wapi?

Mtu akitaka kunywa pombe mjini Musoma hahitaji kuuliza njia. Baa zipo, vilabu vya pombe za kienyeji vipo, na kwa anayejua kugonga mlango wa nyuma gongo nayo ipo, ingawa sheria inaikataza. Bunda ni hivyo hivyo, na Butiama ni hivyo hivyo. Lakini mtu huyo huyo akiamka siku moja akasema basi, nimechoka, agonge mlango gani?

Swali hili aliniuliza jamaa yangu mmoja wa Butiama, mtu mzima mwenye wajukuu. "Mdogo wangu," aliniambia, "mawaidha nimepewa ya kutosha. Kanisani nimeombewa, ukoo umenikalia kikao mara mbili, mama watoto amelia mpaka amenyamaza. Nataka mtu aliyekuwa kama mimi, anieleze alifanyaje."

Ombi hilo si geni. Mwezi Mei 1935 mfanyabiashara mmoja wa Marekani, Bill Wilson, alikuwa hotelini mjini Akron. Alikuwa na miezi mitano hivi bila kunywa, biashara iliyompeleka huko ilikuwa imeharibika, na kelele za baa zilimfikia pale aliposimama. Badala ya kwenda kaunta alishika simu, akaanza kuwapigia watu wa makanisa akitafuta mlevi. Naam, mlevi! Alikwisha kugundua kwamba akizungumza na mlevi mwenzake, hamu yake mwenyewe hupungua. Akaelekezwa kwa daktari wa upasuaji, Bob Smith, ambaye pombe ilikuwa inammaliza. Daktari alikubali kumpa dakika 15 tu. Wakakaa saa sita hivi. Daktari huyo alikunywa mara ya mwisho tarehe 10 Juni mwaka huo, na siku hiyo ndiyo inayohesabiwa kuwa mwanzo wa Alcoholics Anonymous, yaani walevi wasiotajwa majina.

Hakuna kiingilio wala ada. Anayeweza hutoa kidogo cha chumba na chai. Sharti la kujiunga ni moja, kutaka kuacha kunywa. Mmoja husema yaliyompata, wengine husikiliza, na hakuna anayemkemea wala kumkatiza. Wapo wanaohofu kwamba hii ni dini mpya, kwa kuwa zile hatua 12 zinamtaja Mungu. Zinamtaja kwa jinsi kila mmoja anavyomfahamu, hivyo Mwislamu na Mkristo huweza kukaa benchi moja. Zanzibar hatua hizo hizo zimetumika tangu 2009 katika nyumba za kuwasaidia walioacha heroini. Na mwaka 2020 watafiti waliopitia tafiti 27 waliona kwamba kumwelekeza mtu kwenye vikao hivi kwa utaratibu mzuri kuliwasaidia wengi zaidi kukaa bila pombe kabisa kuliko matibabu mengine ya mazungumzo.

Sasa turudi Mara. Kwanza tulikwenda hospitali, na hapa naomba nisikilizwe vizuri. Aliyekunywa kila siku kwa miaka mingi akiacha ghafla anaweza kutetemeka, kuona visivyokuwepo, kuanguka kifafa, hata kufa. Wanaomfungia mlevi chumbani "mpaka imtoke" wanacheza na roho ya mtu. Jamaa yangu alitibiwa kwa siku kadhaa ndipo tukaanza kutafuta kikao. Vipo vinavyofanyika kwa simu, na alijaribu. Kiingereza kilimshinda, bando likaisha.

Kumbe kikao hakihitaji umati. Kwa desturi yao watu wawili au watatu wanatosha. Muuguzi alimwuliza mgonjwa mwingine, mtu wa Bunda, kama angependa kukutana na mwenzake, naye akakubali. Wakaanza wawili katika darasa moja mjini Musoma. Wa tatu ni mama aliyekuwa akipika gongo. Nilialikwa siku moja, nami nimeruhusiwa kuyasema haya bila majina. Mama yule alieleza kwamba gongo ndiyo iliyolipa ada za watoto, na kwamba alianza kwa kuonja tu kama imeiva. Aliyemsikiliza kwa makini zaidi alikuwa jamaa yangu, ambaye kwa miaka yote hiyo alimwona mpikaji kuwa adui yake.

Walikuwa wakikutana Jumanne, wakahamia Jumamosi saa tisa alasiri. Mimi naona walifanya vema, maana Jumamosi jioni ndipo harusi na mishahara ya mwisho wa mwezi huwaita watu kwenye glasi. Saa tisa ni kwa ajili ya usafiri, kwani wa Bunda na wa Butiama lazima wapate gari la kurudi kabla ya giza, na atakayelala mjini atalala karibu na baa. Nauli ya mama wanamchangia.

Kinachowasumbua ni chumba. Darasa wanalotumia litahitajika wakati wa mitihani. Yupo mwenye ukumbi aliye tayari kuwapa bure, ila anataka kwanza apelekewe orodha ya majina ya wote wanaohudhuria. Hiyo hawawezi kumpa, na hadi natoka huko walikuwa bado wanambembeleza.