Kabla Lori Halijavuka Mpaka: Safari za Mashariki mwa Kongo



Mzigo unaoshuka Kilindini hauishii Malaba. Sehemu yake hupakiwa Changamwe na Miritini, hupita Kampala, kisha huingia mashariki mwa Kongo. Anayeuendesha huwa mara nyingi ni baba wa mtu wa mtaa huu. Maswali yanayoulizwa kuhusu safari hiyo ni mawili: je, viza inahitajika, na je, kule kuna usalama? Wengi hupata jibu la kwanza, wakadhani wamejibiwa na la pili.

La kwanza ni jepesi. Kongo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na tangu Septemba 2023 iliwaondolea Wakenya viza. Pasipoti, hata hivyo, ni lazima. Kitambulisho kinachomvusha Mkenya kuingia Uganda na Rwanda hakimfikishi Kongo, na kuna waliolala mpakani kwa kutolijua hilo. Pasipoti na iwe na angalau miezi sita ya uhai. Maombi yake hufanywa kwa serikali ya kitaifa kupitia eCitizen, wala si kwa kaunti.

Kisha zipo kadi mbili za njano, na hapa watu huchanganyikiwa. Moja ni ya mwili: cheti cha chanjo ya homa ya manjano, ambayo hudungwa siku 10 au zaidi kabla ya kuvuka. Tangu mwaka 2016 chanjo hiyo hutambuliwa kwa maisha yote, kwa hivyo anayeambiwa airudie kila baada ya miaka kumi anapoteza pesa. Ya pili ni ya gari: Kadi ya Njano ya COMESA, bima inayolipia madhara ambayo lori limewafanyia watu wengine nchi za nje. Dereva aliye na moja hawezi kuitumia badala ya nyingine. Na cheti cha chanjo kilichonunuliwa vichochoroni bila sindano hakimkingi mtu na ugonjwa wowote.

Makaratasi ya mzigo nayo si ya kupuuzwa. Mnamo Aprili 2024 wafanyakazi wawili wa Kenya Airways walizuiliwa na wanajeshi jijini Kinshasa kwa sababu ya shehena iliyodaiwa kukosa stakabadhi kamili. Shirika hilo lilisimamisha safari zake za huko, na serikali yenyewe ikaingilia kati. Ikiwa shirika kubwa hivyo lilihangaika kwa siku nyingi, dereva aliyepewa bahasha asiyojua ndani mna nini atahangaika kwa muda gani? Ana haki ya kuisoma kabla ya kuwasha injini.

Sasa swali la pili. Bunagana, mpakani na Uganda, iliangukia mikononi mwa M23 mnamo Juni 2022. Goma ikafuata mwishoni mwa Januari 2025, na Bukavu mwezi uliofuata. Uwanja wa ndege wa Goma ulifungwa, na benki zikafunga milango. Tarehe 28 Januari waandamanaji wenye hasira walivamia balozi kadhaa jijini Kinshasa, na ubalozi wa Kenya ulikuwa miongoni mwao. Maana yake ni kwamba dereva aliyekwama Goma alikuwa zaidi ya kilomita 1,500 kutoka kwa ubalozi wake, na ubalozi wenyewe ulikuwa na shida zake siku hiyo. Muhuri wa pasipoti humruhusu mtu kuingia tu. Haumtoi.

Barabara ya kaskazini, ya Kasindi kuelekea Beni na Butembo, nayo ina wapiganaji wa ADF, ambao wamewashambulia raia na magari kwa miaka mingi. Kwa hivyo swali la kumuuliza mwenye lori ni hili: nani yuko barabarani leo, na si wiki jana? Jibu halipatikani kwa bosi peke yake. Madereva wanaorudi hujua mengi, na kituo cha mwisho cha mafuta upande wa Uganda hutoa habari kuliko afisi nyingi.

Aliyeamua kwenda asitembee usiku. Asipige picha za wanajeshi, madaraja wala viwanja vya ndege. Abebe dola safi, kwa maana noti iliyochanika hata kidogo hukataliwa kule. Na Kiswahili kisimpumbaze. Mashariki mwa Kongo Kiswahili ni cha kila mtu, mwuza chai na mwenye bunduki pia. Kuelewana si usalama, na maneno ya siasa kizuizini yamewaponza wengi.

Nyumbani nako kuna kazi. Mke, mama au ndugu abaki na nakala ya pasipoti, namba ya lori, jina la mwenye mzigo na saa ya kupigiwa simu kila siku. Simu ikikosekana siku mbili, habari ipelekwe kwa Idara ya Serikali ya Masuala ya Diaspora. Wasingoje mwajiri aanze kwanza. Bima ya maisha nayo isomwe mapema, kwani nyingi hazilipi hasara ya vita, na ni vibaya familia kulijua hilo ikiwa matangani.

Anayerudi akiwa na homa au vipele aende hospitali moja kwa moja na aseme alikotoka. Kisa cha kwanza cha mpox nchini kilitangazwa Julai 2024, kwa msafiri aliyegunduliwa Taita Taveta, jirani zetu hapa, akitoka Uganda kuelekea Rwanda. Hakuna atakayekamatwa kwa kuugua.

Dereva aliyekataa safari kwa sababu barabara imefungwa na risasi asiitwe mwoga na mtaa wake. Wenye malori waliopo leo wanaombwa walisikie hilo pia, kabla ya kutafuta dereva mwingine jioni hii.