Mita Moja, Vyumba Kumi

Ndugu wafanya kazi, sisi wa reli twajua kuwa mzigo hupimwa ndipo ulipiwe. Stima ni vivyo hivyo. Viwanda vikubwa hulipia pia ule wingi wa stima vinaovuta kwa mara moja. Nyumba zetu hulipia yuniti. Pasi ya wati 1,000 ikiwaka saa moja hula yuniti moja.

Tangu Aprili 2023 bei za nyumbani ni tatu: mpaka yuniti 30 kwa mwezi, mpaka 100, na kupita 100. Atumiaye kidogo hulipa bei ya chini.

Lakini vyumba kumi vyenye mita moja, kila kimoja kikila yuniti 20, jumla ni 200, nasi sote twalipishwa bei ya juu kabisa! Basi tusigombane juu ya pasi ya jirani. Tumwendee mwenye nyumba pamoja, tudai kila chumba kipate mita yake.