Mkutano wa Wasomaji Hai Malakal: Tulivyouendesha na Tulipokosea

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wakazi na wageni, Kakuma)



Mwenyekiti ametuonya kwamba akishika saa yake hatanii, kwa hiyo tutajitahidi. Sisi tuliosimama hapa ni watatu. Tulikulia Kakuma hii hii, tukarudi nyumbani baada ya mkataba wa amani wa 2005, tukapanga vyumba Hai Malakal mjini Juba, na vita vilipozuka tukarudi tena hapa. Vijana wanataka kuandaa mkutano wa wasomaji wa hadithi za kubuni za sayansi, nao wamesikia kwamba tuliwahi kuendesha mmoja kule Juba. Ndiyo, tuliuendesha. Tutaeleza na makosa yetu, maana kosa moja ndilo hasa lililotufanya tukubali kusimama hapa.

Hadithi hizi ni zipi? Ni zile zinazouliza ingekuwaje. Ingekuwaje mtu akifika sayari nyingine, au mashine ikianza kufikiri, au mto mkubwa ukikauka na watu wakabaki. Mzee mmoja jirani yetu alituuliza kama hiyo si kazi ya watu walioshiba. Tukamjibu kwamba kambini hakuna asiyeuliza "ingekuwaje" kila siku kabla ya kulala. Alicheka, lakini hakusema kama amekubali.

Wapenzi wa hadithi hizi wana desturi ya zamani ya kukutana bila kuitwa na serikali wala kampuni. Tarehe 3 Januari 1937 wasomaji wachache walikutana mjini Leeds, Uingereza. Hawakujaza hata darasa moja la shule, na kati yao alikuwamo kijana Arthur C. Clarke, ambaye baadaye vitabu vyake vilisomwa dunia nzima. Mwezi Julai 1939 wakakutana watu wapatao mia mbili New York, Marekani, na mkutano huo wakauita wa dunia. Hadi leo mkutano wa dunia unaendeshwa na watu wa kujitolea. Anayelipa ada huhesabiwa kuwa mwanachama, wala si mteja, na tuzo ya vitabu inayoitwa Hugo, iliyoanza 1953, hupigiwa kura na wanachama hao.

Iko pia mikutano midogo, na huo ndio mfano tulioufuata. Mmoja wetu, akiwa kazini Juba, alisoma kwenye intaneti habari za mkutano unaoitwa Potlatch, ulioanza 1992 katika majimbo ya pwani ya magharibi ya Marekani. Mwaka ule ule kambi hii ilifunguliwa, jambo ambalo lilitufurahisha bila sababu ya maana. Mkutano huo ulikuwa na mazungumzo ya pamoja, chumba kimoja, watu wote mahali pamoja. Tena, badala ya kualika mwandishi mashuhuri awe mgeni wa heshima, walichagua kitabu cha heshima, kila mtu akakisoma, wakakizungumzia. Tuliposoma hayo tuliona yanatufaa. Nauli ya ndege ya mwandishi hatukuwa nayo, lakini kitabu kimoja tulikuwa nacho.

Kitabu chenyewe kilikuwa *Walenisi* cha Katama Mkangi, kilichotoka Nairobi mwaka 1995. Mkangi alikuwa mhadhiri wa sosholojia, na mwaka 1986 aliwekwa kizuizini na serikali ya Kenya. Ndani ya kitabu, mtu aitwaye Dzombo amehukumiwa kufa, anatiwa ndani ya chombo cha angani, na badala ya kufa anafika nchi ambayo watu wake wanaishi kwa utu na usawa. Jina la nchi ukilikata vipande linasomeka "wale ni sisi". Tafadhali likumbukeni jina hilo, tutalirudia.

Mkutano tuliufanya mwaka 2013, miezi michache kabla ya Desemba. Mahali palikuwa ua wa nyumba tuliyopanga, si mbali na yale makaburi ya zamani. Turubai na viti tulikodi kwa mtu anayekodisha vya arusi na matanga. Jenereta hatukukodi, maana tuliamua kumaliza kabla ya jua kuzama. Uamuzi huo ulikuwa wa kubana matumizi tu, lakini ndio uliowaleta wanawake, kwa sababu waliweza kurudi nyumbani kungali mchana. Ada ilikuwa pauni tano, na sisi waandaaji tulilipa kama wengine.

Hapo kwenye fedha ndipo tulipopata taabu ya kwanza. Wenzetu wamezoea warsha. Ukiitwa kwenye mkutano unategemea soda, nauli na bahasha. Asubuhi ile watu kadhaa waliuliza posho iko wapi. Tulipowaambia kwamba hapa mtu analipa kuingia, walidhani tunawatania, kisha wakaondoka kabla ya chai. Hatuwalaumu. Mtu mwenye watoto watano hapotezi siku nzima kwa Dzombo. Lakini waliobaki, thelathini na mmoja pamoja nasi, walikaa tofauti na watu wa warsha. Turubai ilipolegea hawakutungoja sisi, waliinuka wenyewe wakaikaza.

Nakala ilikuwa moja. Mmoja alisoma ukurasa kwa Kiswahili, wa pili akaueleza kwa Kiarabu cha Juba kwa ajili ya waliokulia Khartoum, na aliyetoka Uganda akatia Kiingereza pale wawili hao waliposhindwa kuelewana. Kazi ilikwenda polepole mno. Tulikuwa tumepanga kuzungumzia sura nyingi, tukafika chache. Mama aliyetuuzia chai hakuwa amelipa ada, alikuwa kazini kwake tu, lakini aliposikia habari za nchi ile yenye usawa aliuliza swali moja: huko nani anaosha vyombo? Saa nzima ilikwisha kwa swali hilo. Wanaume wawili walikasirika. Mpaka leo tukikutana na mtu wa siku ile, huanza na vyombo.

Sasa kosa letu.

Tuliweka watu wawili mlangoni. Mji ulikuwa na wasiwasi wakati ule, na tuliwaambia wasimruhusu mtu tusiyemjua. Saa nne hivi walifika vijana watatu waliosikia habari sokoni Konyo Konyo. Lugha yao haikuwa ya wengi wetu uani. Waliambiwa ada ni pauni tano. Wakasema wanazo mbili. Wakarudishwa. Lakini ndani walikuwamo rafiki zetu ambao hawakulipa hata moja, na tulijua. Basi neno la ada lilikuwa kisingizio. Wawili walikwenda zao. Mmoja alibaki nje ya uzio wa mabati akasikiliza hadi jioni. Tulimwona, hakuna aliyekwenda kumwita. Huku ndani tunasoma kitabu chenye jina lile.

Baadaye tulipata kujua kwamba hata ule mkutano wa New York wa 1939 ulikuwa na mlango wa namna hiyo. Waandaaji waliwazuia vijana sita wa chama kingine cha wasomaji, wakihofu kwamba wataleta vurugu na karatasi za siasa. Mmoja wa waliozuiwa alikuwa Frederik Pohl, aliyekuja kuwa mwandishi na mhariri mkubwa. Mwingine ni Donald Wollheim, aliyechapisha vitabu vya wengi. Isaac Asimov, mwenzao wa chama hicho hicho, alipita akaingia. Miezi miwili baadaye vita vya dunia vikaanza, na kuanzia 1942 hadi 1945 mkutano wa dunia haukufanyika. Wapenzi wa hadithi hizi bado wanawakumbuka wale sita kuliko hotuba zilizotolewa ukumbini.

Kwetu vita vilianza tarehe 15 Desemba 2013. Mmoja wetu alikimbilia kituo cha Umoja wa Mataifa cha Tongping, wawili wakapitia Nimule. Wa ua ule wengine hatukuwaona tena. Kitabu kilibaki Hai Malakal pamoja na godoro na sufuria.

Yule kijana wa nje ya uzio alifika Kakuma kabla yetu. Alitutambua kwenye foleni ya maji, akatuambia sura aliyoishia kusikiliza. Hakusema ametusamehe, nasi hatukumwuliza. Yuko hapa kati yenu, na ametuomba tusitaje jina lake. Ndiye atakayeshika orodha ya majina ya mkutano huu mpya, na sharti lake ni kwamba kusiwe na mtu wa mlangoni. Tumekubali.

Kwa hiyo, ndugu vijana, andaeni kitu kidogo. Chumba kimoja, kitabu kimoja, siku moja, mchana. Ada iwe chochote: kikombe cha sukari, kuni, au kazi ya kupanga viti. Mweka hazina asome hesabu mbele ya watu kabla hawajatawanyika. Ndugu wa mashirika, tunawakaribisha kwa ada hiyo hiyo. Tunaomba bila kuwavunjia heshima kwamba msitupe fulana wala bango, na msitake namba za kadi za mgao kwenye orodha ya waliohudhuria, maana watu wakiona namba wanadhani kuna kitu kitagawiwa.

Vitabu vya kuchagua havikosi. Kiko *Babu Alipofufuka* cha Said Ahmed Mohamed cha 2001, na *Bina-Adamu!* cha Kyallo Wamitila cha 2002. Kwa wanaosoma Kiingereza, Dilman Dila wa Uganda alitoa *A Killing in the Sun* mwaka 2014. Lakini sisi tunapendekeza mwanze na *Walenisi*, kwa kuwa hatukukimaliza.

Nakala hatuna. Mfanyakazi yeyote atakayepita Nairobi kabla ya mwisho wa mwezi atununulie moja, na fedha zake tutamrudishia. Orodha itakuwa kwenye kibanda cha chai kando ya maktaba kuanzia Jumatatu asubuhi.