Barua Pepe Katika Kompyuta: Maswali Mawili ya Kujibu kwa Makini



Anayeweka programu ya barua pepe, kama vile Thunderbird, katika kompyuta yake hukutana na maswali mawili ambayo wengi huyajibu kwa haraka. Majibu hayo ndiyo yanayoamua usalama wa stakabadhi, mikataba na malalamiko yake.

La kwanza ni njia ya kupokea barua. IMAP huziacha barua kwenye seva, zikasomeka kwa simu na kwa kompyuta nyingine. POP3 huzishusha katika kompyuta moja na, isipoagizwa kuacha nakala, huweza kuzifuta kwenye seva. Kompyuta hiyo ikiibwa, ushahidi wa malipo umekwenda nayo. Hata hivyo, IMAP si ghala la akiba: barua mnayoifuta kwenye kompyuta hufutika pia kwenye seva. Nyaraka muhimu ziwekeeni nakala kando.

La pili ni usimbaji. Chagueni SSL/TLS: kwa kawaida poti ni 993 kwa IMAP, 995 kwa POP3 na 465 kwa kutuma. Poti 143 na 110, zikitumika bila usimbaji, huweza kupitisha nywila waziwazi, mithili ya barua isiyo na bahasha. Programu ikionya kwamba cheti cha seva hakiaminiki, msibonyeze kukubali. Mpigieni kwanza mtoa huduma kwa namba iliyo katika mkataba wenu, na mumwombe awape mipangilio sahihi kwa maandishi.