Magoti ya Ukoo: Urithi Upo, na Nafuu Ipo

Hotuba iliyoandaliwa kwa wakazi wa Isebania



Nyanya aliumwa magoti, mama naye akaumwa. Binti anapoanza kuchechemea, jamaa husema, "Hii ni shida ya ukoo wetu, tutafanyaje?" Swali hilo lina jibu.

Ni kweli kwamba ugonjwa wa kulika kwa viungo, yaani osteoathritisi, hurithiwa kwa kiasi fulani. Uchunguzi wa mapacha wanawake nchini Uingereza, uliochapishwa mwaka 1996, ulikadiria kuwa mchango wa urithi ni kati ya asilimia 39 na 65. Jeni zinazohusika ni nyingi, na kila moja huongeza hatari kidogo tu. Mojawapo ni GDF5, inayosaidia kuunda viungo mtoto akiwa tumboni. Watafiti wa Japani waliihusisha na ugonjwa huu mwaka 2007. Utafiti mwingine wa mwaka 2017 ulionyesha kuwa badiliko moja karibu na jeni hiyo limeenea sana Ulaya na Asia, lakini ni nadra Afrika. Kwa hivyo, makadirio ya ng'ambo hayawezi kuchukuliwa yalivyo na kutumiwa Isebania.

Yanayobaki yako karibu na nyumbani: uzito wa mwili, majeraha ya zamani ya goti, na kazi ya kuchuchumaa au kubeba mizigo mizito. Mama anayepalilia tumbaku na kijana anayepakua magunia ya mahindi hawawezi kubadilisha jeni zao. Wanaweza kugawanya mzigo, kutumia mkokoteni na kupumzisha goti. Kwa aliyenenepa, kila kilo moja anayopunguza huondolea goti mzigo wa takriban kilo nne katika kila hatua. Mazoezi ya kuimarisha misuli ya paja pia hupunguza maumivu.

Tahadhari ni moja. Kununua dawa za maumivu dukani na kuzimeza kila siku bila ushauri kunaweza kuleta vidonda vya tumbo na kudhuru figo. Goti likivimba ghafla, likiwa na joto, na mgonjwa ana homa, apelekwe hospitalini siku hiyo hiyo.

Mwenye historia ya magoti katika familia asingoje mpaka ashindwe kutembea. Amweleze mhudumu wa afya mapema.