Mnara Uliojaa, Geji Iliyoshuka: Mlipuko wa Texas City, 2005



Mchana wa tarehe 23 Machi 2005, saa saba na dakika ishirini, kiwanda cha kusafisha mafuta cha kampuni ya BP kilichoko Texas City, katika pwani ya jimbo la Texas nchini Marekani, kililipuka na kuwaka moto. Watu 15 walikufa na wengine wapatao 180 waliumia. Wakazi wapatao 43,000 waliamriwa wajifungie ndani, na nyumba zilizokuwa zaidi ya kilomita moja kutoka kiwandani ziliharibika. Mji wenyewe haukuwa mgeni wa misiba ya namna hii: mwaka 1947 meli iliyobeba mbolea ya amonia naitreti, Grandcamp, ililipuka bandarini hapo na kuua watu wasiopungua 580.

Nimeichagua ajali hii kwa sababu moja. Wote 15 waliokufa walikuwa wafanyakazi wa wakandarasi, na hakuna hata mmoja wao aliyekuwa anauendesha mtambo uliolipuka. Walikuwa ndani ya matrela ya ofisi au karibu nayo. Kazi yao ilikuwa matengenezo makubwa ya mtambo mwingine, na hawakuambiwa kwamba mtambo wa jirani unawashwa siku hiyo. Walikuwa wametoka kupata chakula cha mchana kilichoandaliwa kuwapongeza kwa kufanya kazi muda mrefu bila mtu kuumia kiasi cha kukosa kazi.

Ninawasihi tukitazame chakula kile kwa makini. Pongezi zile zilitolewa kwa nia njema, na hesabu iliyozileta ilikuwa ya kweli. Hoja yangu leo ni kwamba kiwanda kile kilikuwa na vipimo viwili vilivyokuwa vikitoa habari njema wakati hatari inapanda: kimoja kwenye skrini katika chumba cha kudhibiti mitambo, kingine katika taarifa za menejimenti. Nitaanza na cha chumba cha mitambo.

Saa kumi na moja za kujaza mnara

Mtambo uliolipuka ulikuwa sehemu ya kitengo cha kuongeza okteni ya petroli, ambacho wafanyakazi walikiita ISOM. Ndani yake mlikuwa na mnara wa kutenganisha mafuta mepesi na mazito, wenye urefu wa mita 52 hivi. Ukiwashwa baada ya matengenezo, mnara huo hujazwa kidogo tu sehemu ya chini, mafuta yanapashwa moto kwenye tanuri, mepesi yanapanda juu kama mvuke na mazito yanatolewa chini kwenda kwenye matenki.

Usiku wa kuamkia tarehe 23 zamu ya usiku ilianza kujaza. Kiasi cha saa tisa usiku kengele ya kwanza ya kiwango cha juu ililia. Kengele ya pili, iliyotakiwa kulia mafuta yakizidi kupanda, haikulia kabisa kwa kuwa ilikuwa mbovu. Wakaendelea hadi geji ikaonyesha asilimia 99, kisha wakasimamisha. Hapa wengi mtashangaa: mbona walijaza kupita maelekezo? Jibu ni kwamba ndivyo walivyokuwa wakifanya karibu kila walipowasha. Waliogopa kiwango kikishuka ghafla tanuri liharibike, na hakuna aliyekuwa amewahi kukaa nao kuandika utaratibu unaokubaliana na hofu hiyo. Utaratibu wa kwenye karatasi ukabaki kwenye karatasi.

Asubuhi zamu ya mchana ilikuta sentensi moja fupi katika daftari la zamu, isiyosema mafuta yamefika wapi wala valvu zipi zimefungwa. Karibu saa nne asubuhi wakaanza tena kuingiza mafuta na kuwasha tanuri. Valvu ya kutolea mafuta mazito chini ya mnara ilikuwa imefungwa, kwa sababu maagizo kuhusu mafuta hayo yaende tenki lipi yalipingana. Kwa zaidi ya saa tatu mafuta yakawa yanaingia bila kutoka.

Msimamizi wa zamu mwenye ujuzi wa kitengo hicho aliondoka muda mfupi kabla ya saa tano kwa dharura ya kifamilia, na hakuwekwa mtu badala yake. Mwendeshaji aliyebaki kwenye skrini alikuwa mmoja kwa vitengo vitatu. Hapo awali kazi hiyo ilikuwa ya watu wawili, mmoja akaondolewa katika kupunguza gharama. Na huyu mmoja alikuwa amefanya zamu za saa 12 kwa siku 29 mfululizo. Nyote mnaofanya zamu mnajua mtu wa siku ya ishirini na tisa anavyosoma skrini.

Sasa tuje kwenye geji yenyewe. Kipimo cha kiwango cha mafuta kiliwekwa kusoma sehemu ndogo tu ya chini ya mnara, hadi mita 2.7 hivi. Juu ya hapo kilikuwa kipofu. Zaidi ya hayo, kilikuwa kimerekebishwa kwa takwimu za miaka ya 1970, zisizolingana na mafuta yaliyokuwa yakipita humo mwaka 2005. Mafuta yalipopata joto yakawa mepesi, na kipimo hicho, kinachofanya kazi kwa uzito wa kimiminika, kikaanza kuonyesha kwamba kiwango kinashuka. Saa saba na dakika nne mchana skrini ilionyesha asilimia 78, yaani kama mita 2.4, na inashuka taratibu. Ndani ya mnara mafuta yalikuwa yamefika mita 48.

Palikuwa na njia ya kugundua. Kiasi kinachoingia kilikuwa kinapimwa, na kiasi kinachotoka pia. Kilichotoka kilikuwa sifuri. Lakini namba hizo mbili zilikuwa kwenye skrini tofauti, na mfumo haukuwa umewekwa kuzitoa moja kwa nyingine. Kioo cha kutazamia kiwango kwa macho pale mnarani kilikuwa kichafu, hakionyeshi kitu. Mtu mmoja mchovu alitakiwa afanye hesabu kichwani huku akiwa na vitengo vingine viwili vya kuangalia.

Shinikizo lilipopanda juu ya mnara, waendeshaji walidhani ni gesi, wakaiachia na kupunguza moto wa tanuri. Kisha, karibu saa saba, wakafungua hatimaye ile valvu ya chini. Hatua hiyo ilikuwa sahihi, lakini mafuta ya moto yaliyotoka yalipita kwenye kibadilisha joto na kuyapasha mafuta mapya yaliyokuwa yakiingia. Mnara ukachemka na kufurika kama maziwa jikoni. Mafuta yakapita juu, yakashuka kwenye bomba la mvuke kuelekea valvu za usalama zilizokuwa chini, na uzito wa mafuta hayo ukazifungua kwa dakika sita.

Dohani la wazi

Valvu za usalama zilifanya kazi yake. Swali ni zilikuwa zinamwaga wapi. Katika viwanda vingi mafuta ya dharura hupelekwa kwenye mwenge, yakateketezwa. Hapa yalikwenda kwenye tenki lenye dohani la mita 34 lililo wazi angani, muundo wa miaka ya 1950. Tenki likajaa, kengele yake nayo haikulia, na mafuta ya moto yakaruka kutoka mdomoni mwa dohani kama chemchemi na kuanguka chini yakifuka mvuke. Karibu na hapo, mita nane hivi, pikapu ya dizeli ilikuwa imeachwa injini ikinguruma. Inaaminika kwamba ndiyo iliyowasha wingu lile. Matrela ya karibu kabisa yalikuwa mita 37 tu kutoka kwenye tenki hilo.

Linaloniuma zaidi katika habari hii ni kwamba dohani hilo lilikuwa limekwisha kutolewa onyo. Mwaka 1992 mamlaka ya usalama kazini ya Marekani, OSHA, iliwaandikia wamiliki wa wakati huo, Amoco, kwamba tenki la aina hiyo halifai, kisha shauri likamalizwa kwa maelewano na tenki likabaki. Mwaka 1997 lilipochakaa likajengwa jingine la aina ileile. Mwaka 2002, baada ya BP kuungana na Amoco, wazo la kuliunganisha na mwenge lilizungumzwa na kuachwa. Katika miaka iliyotangulia mvuke ulikuwa umekwisha kutoka humo mara kadhaa bila kuwaka, na kila mara ukahesabiwa kuwa jambo lililopita.

Kipimo cha pili

Nimesema kulikuwa na geji mbili. Ya pili ilikuwa idadi ya majeraha. Mwaka 2004 kiwanda kiliripoti kiwango kidogo cha majeraha kuliko mwaka wowote wa historia yake, na mwaka huohuo watu watatu walikufa humo. Kuteleza ngazini na kukatwa kidole hutokea mara nyingi na huhesabika kwa urahisi. Mnara kufurika hutokea mara chache, kwa hiyo hesabu ya vidole haiwezi kukwambia lolote juu yake. Wakati bonasi na sifa zinafuata hesabu ya kwanza, gharama za matengenezo zilikuwa zikikatwa: mwaka 1999 viwanda vya kampuni viliagizwa vipunguze gharama zisizobadilika kwa asilimia 25.

Wafanyakazi walijua. Uchunguzi wa maoni uliokamilika Januari 2005 ulikuta hofu kubwa ya maafa miongoni mwao. Mpango wa usalama wa kiwanda wa mwaka huohuo uliandika kwamba huenda kiwanda kikaua mtu ndani ya miezi 12 hadi 18. Kwa hiyo habari ilifika kwenye meza za wakubwa, kwa maandishi. Nasisitiza hili kwa sababu baada ya ajali hatua za kwanza za nidhamu ziliwaangukia watu wa zamu. Bodi ya uchunguzi wa ajali za kemikali, CSB, katika ripoti yake ya Machi 2007, ilikataa kuishia hapo na kupanda hadi kwenye bajeti na makao makuu. Jopo lililoongozwa na James Baker, waziri wa zamani wa mambo ya nje, lilisema vivyo hivyo mwezi Januari mwaka huo. Binti mmoja aliyepoteza baba na mama katika trela alikataa kumaliza shauri lake kimyakimya hadi nyaraka za kampuni ziwekwe hadharani. Mengi tunayoyajua leo tunayajua kwa sababu yake.

Kampuni ilikiri kosa la jinai mahakamani, ikalipa faini ya dola milioni 50, mbali na faini za OSHA, na mwaka 2013 ikauza kiwanda.

Sisi tusio na viwanda

Najua wapo watakaosema kwamba kiwanda cha Changamwe kiliacha kusafisha mafuta ghafi mwaka 2013 na kiwanda cha TIPER cha Kigamboni kimebaki ghala, kwa hiyo haya ni ya wenye minara. Nawajibu kwa mfano wa mwaka uleule wa ajali ya Texas City. Tarehe 11 Desemba 2005, katika ghala la mafuta la Buncefield nchini Uingereza, geji ya tenki la petroli ilikwama, kengele ya akiba haikufanya kazi, tenki likafurika alfajiri na wingu la mvuke likalipuka. Hakufa mtu, kwa kuwa ilikuwa Jumapili kabla hakujapambazuka. Zaidi ya watu 40 waliumia. Pale hapakuwa na mnara wala tanuri, yalikuwepo matenki kama haya tunayoyajaza kila meli inapotia nanga, na kama yale ya Chongoleani, Tanga, linakoishia bomba la kilomita 1,443 kutoka Hoima.

Kwa hiyo, Ndugu Mwenyekiti, naomba vikundi vya mchana visianze na takwimu za majeraha. Kila kituo kilete mezani daftari lake la zamu la wiki iliyopita, orodha ya kengele zote zinazosubiri fundi pamoja na tarehe kila moja iliporipotiwa, na ramani ya eneo inayoonyesha walipo vibarua na wakandarasi wakati tenki linajazwa, umbali ukiwa umepimwa kwa futi kamba. Kituo kisichokuwa na orodha ya kengele kieleze ni nani aliyezijaribu kengele hizo mara ya mwisho, na lini.